Jike Aliyejitenga Kinamasini

Nilirudi Arusha nikiwa nimeacha wanyama wangu upande wa pili wa dunia. Huko kwenye misitu ya kaskazini nilisomea karibuu, jamii ya kulungu wakubwa wa nchi za theluji, wanaozidi kupungua kadiri misitu inavyokatwa. Nilipanga chumba Ngarenaro, juu ya karakana ya kuchomelea mageti, na kazi yangu ikawa kutazama nukta kwenye kompyuta. Kila nukta ni jike mwenye kola ya kutuma ishara shingoni.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Moshi.

"Wanaitwaje hao?"

"Karibuu, mama."

Akacheka. "Basi hao hawakosi wageni."

Jike mmoja nilikuwa nimemvika kola kwa mikono yangu mwenyewe. Msimu wa kuzaa ulipofika alijitenga na wenzake, akaingia kinamasini, na nukta yake ikatulia. Hiyo ndiyo dalili kwamba amezaa. Mimi sasa nikashindwa kutulia. Nilishuka ngazi, nikapanda, nikafungua tena kompyuta chai ikiwa bado ya moto. Niliogopa barabara za kusombea magogo, maana mbwa mwitu huzifuata hadi mahali ambapo zamani wasingefika.

Asubuhi moja nikakuta nukta imehama mbali. Ndama mchanga hawezi mwendo ule. Nilimwambia mama, ambaye bado alikuwa kwangu, kwamba ndama amekufa.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Najua kwa mwendo wa mama yake. Anakwenda, anarudi, anakwenda tena."

Mama aliweka kikombe chini. Akaniambia kwamba alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, kaka ambaye mimi sikumkuta, yeye na baba walikuwa wanaishi Kaloleni, hapa hapa Arusha. Alitoka nyumbani akatembea kwa miguu mpaka Kisongo, nje kabisa ya mji, na hakuwa na shughuli yoyote huko.

"Watu walidhani nimechanganyikiwa," alisema. "Nilikuwa siwezi kukaa, basi."

Hakuwa amewahi kunieleza habari hiyo. Nikamsogelea, huku chini mafundi wakiendelea kugonga vyuma.

Baadaye wenzangu wa utafiti waliobaki huko walifika kule kinamasini wakakuta mabaki ya ndama, si mbali na barabara mpya. Tuliomba barabara ifungwe na miti ipandwe. Kipande kimefungwa; kwingine malori bado yanapita. Nami niliomba kurudi msituni. Mama alipopata habari aliuliza tu kama nina koti la kutosha.