Kijani Mbele ya Mfamasia

Aibu hii nimeificha hata kwa dada zangu, lakini heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwingine ikiwa imetiwa chumvi.

Tulikuwa tumeunda programu ya kumpigia simu mfamasia friji ya chanjo ikianza kupata joto, na siku hiyo Mama Poni, mfamasia mkuu wa hospitali moja hapa Juba, alikuja ofisini kwetu Malakia kuamua kama ataiamini, maana hadi wakati huo wauguzi wake walikuwa wakikagua friji kwa zamu.

Asubuhi hiyo nilifanya jambo dogo. Jenereta yetu ina tabia ya kuzima majaribio ya programu yakiwa katikati, na yote yaliyokuwa kwenye skrini hupotea, basi nikaunganisha, mwishoni mwa amri ya kuyaendesha, amri moja ya kunakili matokeo kwenye faili (nilijiona mwerevu, Mungu anisamehe). Taa ya majaribio ikawaka kijani, yaani yote yamefaulu, nami nikampokea mgeni kifua mbele.

Mama Poni alitazama, akanywa chai, kisha akaniomba niharibu kitu makusudi aone majaribio yakikataa. Nikaiamuru programu isipige simu mpaka friji ifike nyuzi tisini, joto la kuchemsha mayai. Kijani. Nikacheka kidogo, nikafuta sehemu nzima ya kupiga simu. Kijani. Feni ilikuwa inazunguka, lakini jasho lilinitiririka mgongoni.

"Madamu," akanong'ona Okello, mwenzangu kutoka Gulu, "hii hata ukifuta programu yote, itasema iko sawa tu."

(Nilifuta yote. Ikasema iko sawa.)

Ndipo nikaelewa, mbele ya ofisi nzima: amri zikiunganishwa hivyo, kompyuta huiuliza ya mwisho pekee kama imefaulu, na ya mwisho ilikuwa yangu, iliyonakili kila kosa kwa uaminifu kisha ikatangaza ushindi. Nikaiondoa, nikarudisha programu ilivyokuwa, nikaendesha upya. Nyekundu. Jaribio la kupiga simu lilikuwa likikataa tangu asubuhi.

Mama Poni akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo friji ingepata joto leo, simu yangu ingelia?"

"Isingelia, mama."

"Kalas, basi. Wauguzi wangu wataendelea."

Kosa tulilirekebisha kabla ya chakula cha mchana, lakini wauguzi wake wangali wanakagua zile friji wenyewe kwa zamu, nami sina uso wa kumwomba awapumzishe. Nimeapa: kijani nisichokiona kwanza kikigeuka chekundu, sitamwonyesha mtu tena.