Alama za Fundi Alawi

"Umeme mmekata nyinyi, alama mnanikata mimi!"

Alawi alikuwa anawafokea wakaguzi wawili mbele ya karakana yake, hapa Mlandege. Walikuja kupima ubunifu wa viwanda vidogo, na atakayefaulu angepewa mkopo.

Alawi alikuwa mchomeleaji wa mageti. Alichoka kuona nyanya za Ruaha Mbuyuni zinaoza kando ya barabara, huku madukani tunauziwa nyanya za kopo kutoka ng'ambo. Akaunda mashine ya kusaga nyanya na kutenga mbegu. Aliihangaikia miaka, huku akila ugali kwa deni kwenye kibanda changu cha chakula. Siku ya kupimwa ikanguruma kidogo tu, umeme ukaenda.

"Fundi, umeme si kazi yetu," mkaguzi mmoja akamjibu. "Sisi tunapima unazalisha kiasi gani kwa saa."

"Basi subirini urudi!"

"Tunatakiwa Mbeya leo."

Wakapanda gari lao. Umeme ulirudi magharibi, misikitini wanaadhini. Mkopo akaukosa.

"Wanasema nchi ishindane, mama Hanifa," aliniambia. "Ishindane na nani, na giza?"

Juzi ameiuza mashine kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, kama sufuria mbovu. Akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu, akaweka hela mezani.

"Toa hapo deni lako lote."

Nilitaka kumwambia aache tu. Nikamtazama usoni, nikaona nikimsamehe nitamvunja kabisa. Nikapokea, nikamrudishia chenji yake.