Mswaki wa Mzee Nalianya

Mzee Nalianya hakuwahi kufunga safari bila kusugua soli za viatu vyake. Si juu, panapoonekana na watu; chini. Aliketi kwenye kigoda mlangoni pake, ghorofa ya sita huku mtaani Kware, akiwa na mswaki mkuukuu na kopo la maji, akichokoa kila ufa mpaka uchafu uishe. Watoto wa ploti yetu walimwita Mzee Kiwi, kama ile rangi ya viatu. Wakimuuliza viatu vinaenda harusi ya nani, alijibu kwamba bibi harusi yuko mlimani.

Kila Septemba, tangu alipokuwa karani wa reli, alipanda basi la Bungoma, kisha akaukwea Mlima Elgon kwenda kutazama ua. Lilimea katika kibonde kimoja chenye baridi, juu kabisa ya msitu. Alilitazama, akala mkate wake, akashuka. Hakuchuma hata moja.

Mwaka mmoja aliona kando ya njia ya huko juu gugu alilolijua vizuri, lile linaloota katikati ya mataruma ya reli. Aliling'oa, lakini aliamini mbegu yake ilipanda mlima kwenye viatu vyake mwenyewe, na hakujisamehe. Mswaki ulianzia hapo.

Mwaka juzi magoti yalimsumbua, akaniomba nimsindikize. Mimi ni jirani yake wa mlango wa pili, mwalimu, naishi peke yangu. Nadhani alinichagua kwa sababu sisemi sana. Aliniwekea masharti mawili: nisilipige ua picha, na nisimwambie mtu njia. Tulipofika kwenye jiwe bapa lililo juu ya kibonde, alinivua viatu akavisugua yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini na mitatu amepiga magoti mbele yangu.

"Hapa sisi ni wageni, mama," alisema.

Ukungu ulipoinuka niliyaona. Mashina kumi na tisa, yamesimama kwenye nyasi zilizolowa, maua yake ya buluu inayokaribia kijani, kila moja lina mkia mwembamba nyuma. Nyuki mmoja mnene alikuwa akiyapitia bila haraka. Mzee alivua kofia. Tulikaa pale karibu saa nzima, na sikumbuki mara nyingine niliyokaa muda huo wote bila kutaka kuwa mahali pengine.

Ua sikulipiga picha. Nilimpiga yeye, ameinamia jiwe na mswaki mkononi.

Picha hiyo ndiyo niliyomwonyesha Vivian, mpwa wa marehemu mkewe, ambaye mzee alimlea tangu darasa la tatu. Vivian huuza miche ya maua kando ya barabara pale mtaa wa Fedha. Ilikuwa Pasaka, tunachambua mboga nyumbani kwa mzee, naye amelala chumbani.

"Kumbe hupiga viatu mswaki mpaka huko? Wueh, huyu mzee," alicheka. "Na hapo ni wapi, Everline?"

Nikamwambia. Kutoka lango la msitu, mpaka kijito cha pili, mpaka jiwe. Nilikuwa nikimsifu mzee. Vivian alisikiliza, kisu kimetulia mkononi, akauliza vijiswali vidogo vidogo, nami nikadhani ni mapenzi.

Juni nilipita Fedha nikayakuta maua yale. Yalikuwa kwenye mikebe ya rangi, mashina yamelala ukingoni kama nguo iliyoloa. Nilimuuliza Vivian kama alibakisha hata shina moja mlimani.

"Ningebakisha ya nini?" alisema. Aliongeza kuwa mzee hana hati ya mlima. "Na usijifanye mtakatifu, dadangu. Ni wewe ulinielekeza."

Wiki iliyofuata mikebe ileile ilikuwa imepandwa mishubiri.

Kutoka mlango wangu hadi wa mzee ni hatua nne. Sikuzipiga. Julai ikaisha, Agosti ikaisha. Vivian aliendelea kumletea uji Jumapili, akimwita baba, nami nikimsikia kupitia ukuta. Septemba mzee aliniuliza kama tutaenda. Nilimwambia nina mitihani ya kusahihisha. Usiku huo nilisikia mswaki, nikaongeza sauti ya redio.

Alikwenda peke yake, akarudi siku ya nne, jioni. Nilijua amerudi kwa sababu mswaki ulianza tena. Nilipofungua mlango alikuwa kwenye kigoda chake, akitoa udongo mweusi wa mlimani, ufa mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna kitu kilichobaki cha kulinda. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: picha, Pasaka, Fedha, na kwamba nilijua tangu Juni. Hakuuliza lolote kuhusu Vivian. Alimaliza kiatu cha kwanza, akachukua cha pili.

Jumamosi alihamia kwao Bungoma, funguo akamwachia mlinzi. Mimi hakuniaga. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu yamebaki yale ya pale mlangoni, aliyoyasema bila kuinua kichwa:

"Ungeniambia kabla sijapanda, mama. Magoti haya yalikuwa yamebakisha safari moja."