Kumtoa Cucu Kwenye Meli ya Mapipa

Daktari wa Thika alimwambia Cucu, mama wa babangu, mbele yetu kwamba kile chuma walichomwekea kwenye nyonga kimekaa vizuri, lakini akianguka tena hakutakuwa na cha kurekebisha. Atakuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Cucu alisema "haya" kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya. Sisi ndio tuliogopa. Nyumbani kwake Murera mikeka yote ilikunjwa, kuku wakafungiwa wasimpite miguuni, na mimi nikapewa kazi ya kutembea kando yake kila nikitoka Ruiru kwenda kumwona. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikutaka maneno. Mimi na maneno hatupatani. Hata darasani mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, nainamisha kichwa mpaka achague mwingine.

Nina jina la Cucu, kwa hivyo baba mkubwa, ambaye ni kifungua mimba wake, huniita Mami, kama mama yake. Ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, tena mzee wa kanisa. Kwetu hakuna anayemwambia fanya hivi au acha vile, labda Cucu peke yake, na hata yeye huchagua siku.

Cucu alipoanza kutembea na mkongojo, familia ikaamua kumfanyia shukrani. Tata, dada mdogo wa babangu, akasema tusikae tu nyumbani kama tufanyavyo kwa kila sherehe, twende kwenye lile bwawa la karibu na mashamba ya kahawa, siku hizi kuna meli. Meli ni jina tu. Ni mapipa ya bluu ya plastiki yaliyofungwa pamoja, mbao juu yake, paa la mabati, viti, injini ndogo nyuma na spika kubwa kuliko injini. Mnazungushwa, halafu mnarudi kula hemani. Mama alisema nyonga ya Cucu si ya kupelekwa majini. Cucu akasema alichuma kahawa kando ya maji hayo tangu akiwa msichana, na nyapara alikuwa akiwafukuza wakiyasogelea. Sasa nyapara hayuko. Ataenda.

Kupanda hakukuwa na shida. Kulikuwa na gati ya mbao yenye vishikio, meli ikasogea mpaka ikaigusa, na Cucu akavuka taratibu kama anayeingia kanisani. Alikaa mbele kabisa, kabuti limefungwa mpaka shingoni, akatazama kila kitu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilianza hata kufurahia.

Shida ilitungoja kule kule tulikotoka. Tukiwa katikati ya bwawa upepo ulikuwa umegeuka, na magugu maji yaliyokuwa ng'ambo yakasukumwa yote hadi kwenye gati. Tuliporudi hatukuona maji pale, tuliona kitu kama shamba la sukuma wiki. Nahodha, kijana mwenye kofia nyeupe, akajaribu kupita katikati. Injini ikakohoa, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Akatusukuma nyuma kwa mti mrefu, akang'oa magugu kwenye pangaboi kwa kisu, akajaribu upande wa pili. Ikanyamaza tena. Kisha akazima muziki. Tata alikuwa akicheka mpaka hapo. Muziki ulipozimwa akaacha.

Nahodha akapiga simu, na baada ya muda mashua ndogo ikatokea kwenye matete. Ndani yake alikuwa mvuvi aliyevaa gambuti. Alisema atatushusha wachache wachache mahali ng'ombe wanaponywea maji, magugu hayajafika huko. Gati hakuna, ni matope tu. Halafu akatoa masharti yake, na aliyarudia kila safari: ukiingia unakaa, na ukikaa husimami mpaka akuambie.

Hapo ubishi ukaanza. Baba mkubwa alitaka mama yake atangulie, itakuwaje watoto washuke kabla yake. Mvuvi alitaka aanze na watu wepesi, apaone kwanza pa kushukia. Cucu akamaliza: watoto na mama zao watangulie. Nilitazama mashua ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, na kila mara mtu akiingia ilicheza kama kitanda cha kamba. Nilikuwa napiga hesabu ya kijinga kichwani. Ikicheza hivi kwa mtoto, itachezaje kwa Cucu? Upande wa Kilimambogo mawingu yalikuwa yameshuka na matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati. Mama aliondoka na watoto. Aliponitazama kutoka mashuani alinionyesha Cucu kwa kidevu.

Tukabaki wachache. Baba mkubwa na tata wakatangulia kuingia mashuani ili wampokee Cucu wakiwa ndani. Mvuvi akashika ukingo wa meli kwa mkono mmoja. Mimi nikasimama nyuma ya Cucu, nimekamata mshipi wa kabuti lake kwa mikono yote miwili. Alishusha mguu wake mzima polepole, ukafika kwenye sakafu ya mashua.

Na hapo hapo, baba mkubwa na tata wakasimama.

Hawakufikiria. Kwetu Cucu akiingia mahali watu huinuka, na aliyekaa pazuri humpisha. Ni hivyo sebuleni, ni hivyo kanisani, ilikuwa hivyo hata kwenye benchi la hospitali. Wamefanya hivyo tangu wakiwa wadogo na miili yao haikujua kwamba leo wako majini. Mashua ikalala upande. Mkono wa mvuvi ukateleza. Maji yakaanza kuonekana kati ya mashua na meli, kwanza ukanda mwembamba, kisha mpana, na Cucu alikuwa juu ya ukanda huo, mguu mmoja huku, mwingine kule. Mkongojo ulimponyoka ukaanguka majini.

Baba mkubwa akanyoosha mikono ampokee, akapiga hatua kumfuata, na hatua hiyo ikazidi kuisukuma mashua mbali. "Njoo, maitu, njoo," alikuwa akimwita mama yake, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilihisi mshipi unanivuta mbele.

Nikasema kaeni. Sauti ilitoka ndogo, hata nahodha aliyekuwa kando yangu hakugeuka. Nikajaribu tena, na safari hii sijui ilitoka wapi.

"Baba mkubwa, kaa chini! Tata, na wewe kaa. Msimguse."

Walikaa. Walikaa kama wanafunzi waliofumaniwa, pwa, wote pamoja, na mashua ikanyooka. Mvuvi akaudaka ukingo, akaivuta mpaka ule ukanda wa maji ukapotea. Cucu akashusha ule mguu wa chuma, akakaa kwenye ubao wa katikati. Nikaingia nyuma yake na kukaa haraka.

Mvuvi akaigeuza mashua kuelekea ufukweni. Baba mkubwa alitazama matete. Mkongojo ulikuwa ukielea kuelekea kwenye magugu na hakuna aliyesema tuufuate.

Ufukweni watu walikuja mbio kumpokea, wengine wameshaanza kuimba. Mvuvi akawaambia wasisogee, wabaki kwenye nyasi. Akaruka, akaivuta mashua mpaka ikakwama. Baba mkubwa akaanza kuinuka, akanitazama, akarudi chini. Kati yetu na nyasi kulikuwa na matope yenye kwato za ng'ombe, na mkongojo haukuwepo. Mvuvi akageuka na kuinama, akamwambia Cucu apande mgongoni. Cucu akasema hajabebwa na mwanamume tangu babake afe, hataanza leo.

Akavua viatu, akanipa. Nilitangulia kushuka, matope yakanifika juu ya vifundo, nikageuka kumtazama. Akaweka mikono yake mabegani mwangu na tukaenda hivyo, mimi kinyumenyume, yeye akinifuata, pua zetu karibu zigusane. Aliusukuma mguu kwenye matope mpaka ukapata pa kushika, ndipo akauleta mwingine. Mara moja uliteleza. Vidole vyake viliingia mabegani mwangu hadi nikaumia, na nyuma yangu wimbo ukakatika. Tulisimama hapo. Halafu akavuta pumzi, akausogeza tena. Sikujua tumefika mpaka niliposikia nyasi chini ya visigino vyangu na mikono ya mama mgongoni.

Chakula kilikuwa kimepoa. Baba mkubwa alikuja nikiwa nanawa miguu kwenye mfereji, akasimama akisubiri nimalize.

"Kwa hivyo Mami, siku hizi unanipigia kelele mbele ya watu?"

Ile sauti ilikuwa imebaki majini. Nilitazama sabuni tu, nikifikiri kwamba hili litafika kwa babangu jioni na nitaitwa mbele ya watu wazima kueleza. Akaondoka.

Tulipokusanyika hemani, baba mkubwa ndiye aliyepaswa kuomba. Alivua kofia, akasimama, na sote tukaanza kusimama kama kawaida, viti vikakwaruza. Cucu alikuwa amekaa mwisho wa meza, miguu imenyooshwa mbele.

"Leo tuombe tukiwa tumekaa," alisema. Hakumtazama mtu yeyote.

Watu wakabaki nusu juu nusu chini. Hatujawahi kuomba tumekaa. Tata alimtazama baba mkubwa, nasi tukamtazama. Yeye alinitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akavuta kiti chake.

"Kaeni," akawaambia. "Mami wote wawili wamesema."

Tata akaanza kucheka, na wengine wakafuata wakikaa. Sala ilikuwa ndefu, mvua ikipiga hema. Nilifungua macho mara moja, nikaona Cucu naye amefungua yake. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, ambavyo alikataa vioshwe, matope ya bwawa alilofukuzwa na nyapara yakiwa yameanza kukauka.