Dirisha la Kimo cha Lori

Dirisha la jiko letu pale Mlolongo lilikuwa juu mno kwa mtu aliyesimama chini. Mgeni akiliona mara ya kwanza aliuliza kama fundi alikuwa mlevi. Fundi alikuwa baba yangu, na pombe hakuigusa maishani. Dirisha lile alilipima kwa mkono wa utingo wa lori.

Miaka ya tisini, malori yaliyotoka Mombasa yalipimwa uzito pale kwetu kabla ya kuingia Nairobi. Yakingoja zamu kwenye mizani yalipanga foleni ndefu, na mji wenyewe ukapata jina lake kutokana na foleni hiyo. Dereva hakuthubutu kushuka kwenda kula, kwa sababu foleni ikisogea na wewe uko hotelini, wa nyuma anakupita na hakuna wa kumlilia. Basi chakula kilimfuata garini. Mama alianza kwa kutembeza birika na bakuli za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kando ya malori, akinyoosha mikono juu kumpa utingo, naye utingo akimpokeza dereva. Jioni mabega yalimuuma hata kuvua kitambaa cha kichwa kukawa kazi.

Baba akasema mke wake hataishi maisha ya kunyoosha mikono. Akauza shamba lake la urithi kule Kivaa, akanunua ploti iliyopakana na murram, ile barabara ya udongo ambapo malori yalisimama, akajenga jiko la mawe juu ya msingi mrefu. Siku ya kuweka dirisha alimwomba utingo mmoja atoe mkono nje kama anayepokea kikombe. Mkono ulipofika ukutani, akachora mstari kwa penseli yake ya uashi.

Nyanya, mama yake baba, alikuja kuona kitu kilichomeza shamba. Alikizunguka, kisha akauliza, "Na hayo magari yakiisha?"

Baba alicheka. "Mwaitu, mama, yataisha aje? Mombasa iko na bahari, Uganda hawana."

Nyanya alikunywa chai yake, akaaga.

Na kwa miaka kadhaa baba alikuwa sahihi. Lori lilisimama, mama akatoa kikombe bila hata kuinua kiwiko. Foleni ikisogea kabla mtu hajamaliza, lori liliondoka na kikombe chetu, na hakuna aliyeshtuka. Mama alinigeukia tu, "Kafuate vikombe," nami nikatembea kando ya malori mpaka kwenye mizani, nikivipokea kutoka madirishani. Vingine vilirudi vimesuuzwa, vingine vikiwa na peremende ndani. Sikumbuki kikombe hata kimoja kilichopotea. Nilipenda kazi ile kuliko shule, na niseme ukweli, naipenda hadi leo.

Halafu mizani ikahamishiwa upande wa Athi River. Malori yakawa yanapita mbio, na tulichopata kutoka kwao ni vumbi kwenye sufuria.

Mji haukufa, na hilo ndilo linaloniuma. Maghorofa ya kupanga yaliota kila mahali, yakajaa watu wa viwandani na wa EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, watu wenye njaa ya kweli wakitoka kazini. Wateja walikuwepo, ila walikuja kwa miguu. Walisimama chini ya dirisha wakiona kidevu cha mama tu, wakaagiza githeri kana kwamba wanaongea na ukuta.

"Lishushe hilo dirisha," mama alimwambia baba. "Ni wewe ulilipandisha."

"Ngoja kwanza. Barabara ni ile ile."

Badala ya kulishusha, alijenga ngazi nje. Mama aliitazama, akamtazama na yeye. "Sasa mtu apande ngazi ndio akule githeri? Hapa ni kwa askofu?"

Watu hawakupanda ngazi. Walivuka kwenda kwa jirani mwenye kibanda cha mabati, ambaye meza yake ilikuwa chini kama meza nyingine zote duniani. Mwishowe mama alifunga jiko, akaanza kufulia wapangaji wa maghorofa, akianika nguo zao kwenye kamba za juu. Mikono yake ikarudi kunyooshwa kila siku. Baba alikuwa akimwona kutoka mlangoni, na kila mara aliingia ndani.

Nilimkasirikia sana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kulishusha dirisha kungekuwa kukubali kwamba shamba la Kivaa lilikwenda bure. Najuta kwamba hakuna aliyemwambia halikwenda bure. Lilitulisha, likatusomesha, likampumzisha mama mabega kwa miaka. Angesikia hilo, pengine angechukua nyundo.

Baba alipofariki, yule aliyelinunua shamba la Kivaa, mtu mwema, alikubali tumzike pembeni, karibu na mpaka. Baba angerudi kwao kama mgeni.

Asubuhi ya safari tulifungua jiko ili tupikie waombolezaji chai. Lori moja lilikuwa limeanguka mbele huko kuelekea Nairobi, na kabla hatujatoa jeneza, malori yalijaa lami na murram mpaka langoni. Gari la maiti likakosa pa kutokea. Lori moja likasimama sawasawa na dirisha. Utingo wake, kijana mdogo, aliona moshi.

"Sasa mathe, iko chai hapo?"

Mama, amejifunga kitambaa cheusi, akajaza kikombe akampa. Hakunyoosha mkono, na kijana hakuinama. Mama aliutazama mkono wa kijana mpaka ukarudi ndani ya lori.

"Alipima vizuri, baba yenu," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Foleni ikaanza kufunguka, ikasogea, lori likaondoka na kikombe.

"Kafuate kikombe," mama aliniambia huku akijifuta machozi, kama alivyokuwa akisema zamani.

Nikatoka na nguo zangu za msiba, nikatembea kando ya malori. Mbele hakukuwa na mizani ya kulisimamisha lori lile. Nilijua hivyo, lakini niliendelea kutembea mpaka gari lililombeba baba likapiga honi kuniita.