Muzigo wa Marie-Louise

Kampala chumba kimoja cha kupanga kinaitwa muzigo. Marie-Louise hakujua hilo siku alipoingia Kisugu akitokea Bukavu. Mwenye nyumba alipomuuliza kama anatafuta muzigo, alimjibu asante, wa kwake anao, kaubeba mwenyewe kichwani. Wapangaji walicheka mpaka wakamzoea.

Na hakuwa amekosea sana. Miaka ikapita, chumba bado ni mzigo kwelikweli. Sufuria ziko kwenye gunia. Nguo nzuri ziko kwenye sanduku, sanduku liko juu ya matofali. Dirisha halina pazia, maana pazia la nini kwa mtu anayeondoka? Yeye na binti yake Exaucée ni wakimbizi, walishafanyiwa mahojiano ya kupelekwa Amerika, wakaambiwa watapigiwa simu. Basi wakakaa. Exaucée kakua mpaka kampita mama kwa urefu, na anasema mama yake ndiye abiria pekee duniani anayepikia ugali ndani ya stendi.

Ukimuuliza, Marie-Louise anasema kesho yake kamwachia Mungu. Si kweli. Kesho aliishika mwenyewe kwa mikono miwili. Alichokiachia ni leo, na leo ilikuwa inaoza.

Kwa sababu kulikuwa na Emile. Fundi cherehani, mjane kama yeye, mtu wa Bukavu kama yeye, anashonea barazani karibu na barabara. Anampenda, naye anampenda, mtaa mzima unajua. Shida ni kesi, yaani lile faili la Amerika. Ukiolewa, mume lazima aandikwe kwenye kesi, na kesi ikiguswa inarudi nyuma ya foleni. Usipomwandika, siku ya ndege unamwacha. Kwa hiyo kila Emile alipotaja ndoa alipata jibu lilelile: Mungu akipenda, tutaoana kule.

Jumapili moja, wakitoka misa, Emile alichoka. Hakupandisha sauti.

"Kule hawanijui, Marie-Louise. Mimi niko hapa. Leo nauliza mara ya mwisho. Ukikataa sitakasirika, tutabaki kusalimiana tu."

Akampa wiki ya kufikiri.

Wiki hiyohiyo jirani yake Akot, Mama Okeny, alikuwa anafunga vitu. Mumewe Ogwang ni polisi, na uhamisho ulikuwa umetoka: Moroto, gari linakuja Ijumaa asubuhi. Alhamisi mchana Marie-Louise akamkuta nyuma ya nyumba, jembe mkononi, anapalilia maharagwe. Yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Mama Okeny, si kesho unaenda?"

"Naenda."

"Sasa unalimia nani?"

Akot hakuinua hata kichwa. "Mimi najua? Mwenye atakuja."

Akaendelea kupalilia huku akieleza, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha maji. Kitgum aliacha mihogo. Masindi aliacha mahindi yakiwa karibu kuchomwa. Alipofika Mbarara akakuta maboga ya mke wa polisi mwingine, hata jina hamjui, akayala mpaka watoto wakayachoka. Wake za polisi ndivyo wanavyoishi. Ukikataa kupanda eti unangoja uhamisho, watoto watakula posho kavu, ugali usio na mboga, na uhamisho wenyewe hauharakishi kwa kukuonea huruma.

Marie-Louise akajitetea kwamba yeye ni tofauti, yeye anamngoja Mungu.

"Wewe unangoja simu, Mama Exaucée," Akot akasema. "Mungu iko hapa. Anaangalia tu vile unasumbua mwanaume ya watu."

Ilimchoma. Alirudi chumbani akakaa juu ya sanduku lake. Usimcheke. Mtu aliyewahi kukimbia akiacha chakula kinachemka jikoni hajifunzi upesi kutua vitu chini. Aliomba aonyeshwe: atapata Emile na Amerika, au kimoja, au vyote atakosa? Hakuonyeshwa kitu. Ndipo akaona ujinga wa ombi lenyewe. Ukishaonyeshwa kila kitu, unabaki kuamini nini?

Ijumaa, gari la Akot lilipopotea kwenye kona, alikwenda barazani kwa Emile akamwambia twende tukaandikishwe. Emile alidhani ni kanisani. Hapana, ofisi ya wakimbizi kwanza, hataki kudanganya mtu.

Msichana wa ofisini hakuwa mkali. Alimweleza taratibu kwamba kesi itaangaliwa upya, na hawezi kumwahidi itachukua muda gani, wala kama itapita. Marie-Louise akauliza tena, labda hakusikia vizuri. Jibu halikubadilika.

"Basi andika," akasema.

Nje akashika ukuta, machozi yanamtiririka. Emile akamuuliza kama anataka warudi ndani wafute. Akatikisa kichwa. Sasa Emile ni fundi, hana ujuzi wa wanawake wanaolia. Alichofanya ni kuvuta tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni na kumzungushia kiunoni palepale barabarani, wapita njia wakitazama. Akauliza kama nguo ya harusi aiachie kitambaa cha ndani cha kupanulia, kwa sababu mtu hajui, mwanamke akiolewa hunenepa.

"Pima vile niko leo," Marie-Louise akasema, akijifuta macho. "Kesho nikinenepa, si nimeolewa na fundi?"