Msimu Papa Alipojifunza Kutembea Upya

Msimu mzima wa mvua nyumba yetu ilinuka mawese ya moto. Mama aliyapasha kwenye sufuria ndogo pamoja na majani ya mkaratusi, akayaacha yapoe kidogo, kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha Papa na kumkanda mguu wa kulia, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Harufu ile iliingia kwenye mashuka, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye ndagala, dagaa wa ziwani, alizozianika mchangani nyuma ya nyumba kabla ya kuzipeleka sokoni. Tulikaa Kalundu, upande wa kusini wa mji wa Uvira, mahali ambapo milima imelisogelea ziwa hata watu wamebakiwa na ukanda mwembamba tu wa kujengea. Ukitoka kwa mlango wa mbele unaona mlima, ukitoka kwa mlango wa nyuma unaona maji. Mvua kubwa ikinyesha, mito inayoshuka toka juu huviringisha mawe, na ngurumo yake inafanana na ya malori. Mwaka ule ilikuwa vigumu kutofautisha, maana malori nayo yalipita kweli, yakitoka uwanda wa Ruzizi na watu waliokimbia mapigano, wakiwa wamekalia magodoro yao na mbuzi wao. Hawakuimba wala kupunga mkono. Walituangalia tu, nasi tuliwaangalia.

Papa alikuwa polisi. Alikuwa ametumwa kwenye kituo kimoja huko huko uwandani, na siku kituo kiliposhambuliwa, risasi ilimpata pajani ikavunja mfupa. Walimleta mjini akiwa amelazwa nyuma ya gari. Alikaa hospitalini muda mrefu, na aliporudi nyumbani alikuwa na mikongojo miwili ya mbao na uso mwembamba nisioujua. Nilikuwa na miaka kama kumi. Sikumlilia, kwa sababu kwangu mimi lilikuwa jambo la furaha tu: kabla ya hapo Papa alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na sasa nilikuwa namkuta kitini kila nitokapo shule, akichambua maharage kwenye sinia kama mwanamke, akiniuliza nilichofundishwa.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwa heshima ya kwetu nilimwita Yaya Zawadi, alikuwa amepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka uleule, tena kwa alama ambazo mwalimu wake alikuja nyumbani kuzitangaza. Alitaka kusomea udaktari Bukavu. Alitaka hivyo tangu angali mdogo, akiwafunga vitambaa kuku wetu. Lakini minervali, yaani ada ya chuo kikuu, pamoja na chumba na chakula cha huko, ilikuwa kitu ambacho ndagala za Mama zisingeweza kamwe kukilipa, na mshahara wa Papa ulikuwa unakuja unapotaka. Ndipo Papa Bahati, mwenzake wa kazini aliyekuwa akimtembelea kila Jumapili baada ya misa, alipotuletea habari. Kulikuwa na mfuko wa kuwalipia masomo ya chuo kikuu watoto wa watumishi wa Serikali waliofia kazini, au walioumia hata wasiweze kuirudia kazi yao. Daktari angetoka Bukavu kuja kuwapima wagonjwa. Mama alimwomba Papa Bahati arudie maneno yale, naye akayarudia. Yaya Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Hakuitua mpaka mgeni alipoondoka.

Kuanzia siku ile nyumba yetu iligawanyika, ingawa hakuna aliyesema hivyo.

Papa alikuwa amepania kutembea. Alfajiri, kabla jua halijatokea upande wa Burundi, aliniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu, tukatoka kwa mlango wa nyuma, mimi na yeye. Mchanga ulikuwa baridi. Wavuvi walikuwa wanarudi, taa zao bado zinawaka, na ng'ambo ya ziwa taa za Bujumbura zilikuwa zinazimika kidogo kidogo. Papa aliuacha mkongojo mmoja ukutani, akaushika mwingine kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akauweka begani mwangu. Mwanzoni uzito wake ulinikandamiza hata miguu yangu ikazama mchangani. Alikuwa akihema, akisimama, akisema, "Ngoja, mama. Ngoja kidogo." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Lakini asubuhi baada ya asubuhi uzito ule ulipungua. Mkono ukawa unapumzika tu begani, kisha ukawa unagusa tu, na asubuhi moja nikageuka na kumwona yuko nyuma yangu, mbali, amesimama peke yake bila mkongojo, maji yakimfika kwenye vifundo, anacheka bila sauti.

Nilikimbia nyumbani kupeleka habari. Mama alikuwa anageuza ndagala kwa fagio la chelewa. Aliendelea kugeuza. "Nimeona," alisema. Yaya Zawadi, aliyekuwa akisugua sufuria, aliinamisha kichwa zaidi. Sikuelewa. Nilidhani hawakunisikia vizuri, nikarudia, na Mama akaniambia niende kuoga nisichelewe shule.

Huko uwandani mambo yalizidi kuharibika. Jumapili zilipita na Papa Bahati akataja majina: fulani ameuawa, fulani hajulikani aliko, kituo fulani kimeachwa. Kisha akaacha kutaja majina. Alikunywa chai yake, akaangalia mguu wa Papa, na siku moja akasema polepole, "Rafiki yangu, wanaopona wanarudishwa kulekule. Hakuna nafasi mjini. Mjini iko na watu wake." Papa alijibu kwamba anajua. Alisema hivyo kwa utulivu uliomfanya Mama ainuke na kwenda uani. Siku hizo nilianza kuota malori, na katika ndoto lori lilikuwa linasimama mbele ya mlango wetu bila kuzima injini.

Siku moja kabla ya daktari kuwasili, mvua ilituzuia ndani sote wanne. Mama alikuwa anamkanda Papa kama kawaida. Bila kuinua uso alisema:

"Papa Zawadi, kesho ushike mikongojo yote mbili."

"Mguu umepona. Weye mwenyewe ndiye uliuponya."

"Siko naomba useme bubeshi, umudanganye dokta. Niko naomba unyamaze tu. Ukae, ushike mikongojo, unyamaze. Dokta ataandika anachoona. Mtoto ataenda Bukavu, na weye utabaki hapa, utanisaidia na ndagala."

Papa alisema kwamba kwenye foleni ya kesho kutakuwa na wenzake waliokatwa miguu, mmoja hana macho, na wale nao wana watoto. "Nitakaa katikati yao namna gani? Minye niko na miguu mbili." Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba amechoka kuchambua maharage.

Mama aliufunika mguu kwa kitambaa. Yaya Zawadi alikuwa amekaa kitandani kwake nyuma ya pazia na hakusema neno, na mpaka leo hakuna aliyemlaumu kwa hilo, kwani angesema nini? Kila neno lililokuwepo lilikuwa baya.

Asubuhi Mama alikuwa ameisimamisha mikongojo kando ya mlango wa mbele, palepale ambapo mtu angeigonga akitoka. Lakini chini yake, vikiwa vimepangwa sawa, vilikuwa viatu vya kazi vya Papa, ambavyo hakuwa amevivaa tangu aumie. Vilikuwa vimepakwa rangi na kung'arishwa. Yaya Zawadi alikuwa na rangi nyeusi kwenye kucha. Papa aliviangalia viatu, akamwangalia yeye, akakaa kizingitini na kuvivaa, taratibu, akifunga kamba kana kwamba ana siku nzima. Alitoka bila mikongojo. Mama aliichukua kwapani, akanishika mkono, tukamfuata. Yaya Zawadi alibaki. Tulipanda pikipiki mbili hadi mjini, Papa mbele, sisi nyuma na ile mikongojo ikichomoza pembeni hata wapita njia wakawa wanaikwepa.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na chumba alichopewa kilikuwa na dirisha lililoelekea ziwani. Alimwamkia Papa, kisha akaona kilichokuwa kwapani mwa Mama.

"Mikongojo hiyo ni ya nani?"

"Ya mume wangu," Mama alisema.

"Ilikuwa yangu," Papa alisema.

Daktari alimwangalia mmoja, kisha mwingine. Alimwomba Papa atembee hadi dirishani na kurudi. Papa alitembea. Alimwomba achuchumae na kuinuka, akachuchumaa na kuinuka, uso ukimtoka jasho. Daktari alimshika paja, akalibonyeza sehemu ya kovu, akauliza kwa sauti ya upole sana, nami hata kwa utoto wangu nilihisi kwamba alikuwa anamfungulia mlango:

"Afande, mguu huu unauma?"

"Unauma asubuhi. Kisha unaacha."

"Unaacha kabisa?"

"Kabisa."

Daktari alisubiri. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Nje mtu alipiga honi ya pikipiki mara nyingi, kisha akaacha. "Basi," daktari alisema, "siwezi kuandika kwamba hutembei." Papa akamshukuru.

Malipo ya Yaya Zawadi yalikataliwa, kama ilivyotarajiwa, na baada ya majuma machache Papa aliitwa arudi kazini. Alituaga asubuhi, wakati kiangazi kinaanza, milima ikiwa imefunikwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi: alikuwa kijana tena, mkanda umemkaa vizuri, akitania kwamba sasa Mama atapumzisha magoti. Yaya Zawadi alipata kazi ya kufundisha shule ya msingi. Alifundisha vizuri, na akirudi alikuwa anakaa mchangani akiangalia maji mpaka giza linaingia.

Papa alirudi mara moja tu, kwa siku chache. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki na kusimama kwanza, ameshika kiti, kabla ya kuanza kutembea. Mama aliona pia. Alipasha mawese.

Papa alipokuwa amerudi uwandani, Papa Bahati hakuja Jumapili kama kawaida. Alikuja katikati ya juma, mchana, amevaa sare, na alipofika kwenye uchochoro wetu alivua kofia yake, ingawa bado alikuwa mbali na mlango. Mama alikuwa mchangani. Alimwona akivua kofia, akakaa chini palepale katikati ya ndagala.

Papa Bahati alitueleza baadaye, nyumba ilipokuwa imejaa watu na Yaya Zawadi amemng'ang'ania amwambie kila kitu. Gari lao lilivamiwa barabarani, mahali penye matete pande zote mbili. Lilisimama, wakaruka. Wote walikimbia kuelekea kwenye matete, Papa pamoja nao. "Kutembea alitembea vizuri siku zote," Papa Bahati alisema, akiikunja kofia mikononi. "Lakini kukimbia, mguu ulikataa. Alianguka. Minye nilikuwa mbele. Nilipogeuka nilikuwa nimeshaingia ndani ya matete."

Baada ya matanga Mama alirudi kwenye ofisi ileile Papa alimopimwa, kuomba ule mfuko. Nilikwenda naye. Hakuna aliyeombwa atembee, hakuna aliyebonyezwa kovu. Ofisa alitupa viti na kuongea nasi kwa upole, na mambo yote yalikwenda haraka hata Mama akawa anashangaa, anageuka kuangalia mlangoni kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuyazuia. Yaya Zawadi aliposikia kwamba amekubaliwa, alisema haendi. Alilala ameugeukia ukuta, hakula. Mama alikaa kando ya kitanda chake siku ya pili yake na kumwambia, "Utaenda. Usipoenda, alikufa juu ya nini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza kweli. Yaya Zawadi aliinuka na kuanza kufunga mizigo.

Mimi nami nilisomeshwa na mfuko uleule, hapahapa Uvira, na sasa ni mwalimu. Kalundu imejaa nyumba mpaka juu mlimani, pikipiki zimeongezeka kuliko watu, na ukanda wa mchanga tuliotembea mimi na Papa umemezwa na maji tangu ziwa lilipopanda. Mama bado yuko. Haongei kuhusu mwaka ule, ila akiona msichana anakwenda chuoni humtazama sana. Barabara ya uwandani bado inatisha, malori bado yanashuka na magodoro, na kila mwaka kuna wasichana na wavulana wapya wanaosomeshwa kwa sababu baba au mama yao hakurudi. Nikiwaona wakicheka kwenye foleni ya kujiandikisha, nafurahi kwa ajili yao, kisha nahesabu ni wangapi wanaolipiwa na mfuko ule.

Yaya Zawadi ni daktari. Wakati fulani wanamletea polisi na askari waliojeruhiwa ili aseme kama wanaweza kurudi kazini, na wanamwogopa, wanasema ni mkali. Mwaka jana nilimpelekea chakula hospitalini nikamkuta uani, kwenye jua kali, amesimama na mwanamume mmoja aliyekuwa ametembea mbele yake bila tatizo lolote, akienda na kurudi, akijivuna.

"Dokta, unaona?" mwanamume alisema. "Niko mzima."

"Naona unatembea," dada yangu alimwambia. "Sasa kimbia."